Sauti ya mashine haikusaidii matamshi ya Kiingereza? Tafuta kosa hapa

Watu wanaojifunza Kiingereza kwa kusikiliza sauti ya simu au kompyuta huleta malalamiko yaleyale. Mmoja simu yake inasoma Kiingereza kwa lafudhi ya Tabora. Mwingine anasikiliza "ship" na "sheep" kutwa nzima na haoni tofauti. Wa tatu anaamini ameshaiva, ila kwenye usaili anaombwa arudie kila sentensi. Karibu wote wanalaumu ulimi wao kwanza, na mimi nasema ulimi uangaliwe mwisho. Anza na kifaa, nenda kwenye sikio, ndipo uje mdomoni.

Mwongozo huu umefuata mpangilio huo. Tafuta dalili inayofanana na yako. Chini ya kila dalili, sababu inayowapata wengi imetangulia na ya nadra imefuata. Programu inayogeuza maandishi kuwa sauti nitaiita kisomaji.

Kabla ya yote, kuwa na vitu vitatu: hedifoni ya waya, programu ya kurekodi sauti iliyokuja na simu yako, na kamusi moja ya mtandaoni yenye sauti za watu halisi, kwa mfano ya Cambridge au ile ya Oxford ya wanafunzi. Kisomaji na kamusi vikipingana, amini kamusi.

"Mwalimu, mbona inasoma Kiingereza kama Kiswahili?"

Unaandika "make", inasema ma-ke. Unaandika "table", inasema ta-ble.

Mara nyingi lugha ya simu ni Kiswahili, na kisomaji kinafuata lugha ya simu. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, utafute sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti. Simu iliyo katika Kiingereza huandika "Text-to-speech output". Kwenye Samsung nyingi sehemu hiyo imewekwa ndani ya "General management". Hapo badili lugha ya kisomaji peke yake, uchague Kiingereza cha Uingereza, cha Marekani au kingine unachotaka. Simu nzima ibaki katika Kiswahili, haina kosa.

Ikiwa lugha umeshaibadili na bado hali ni ileile, huenda sauti yenyewe haijapakuliwa. Bonyeza alama ya gia iliyo kando ya jina la kisomaji, fungua orodha ya sauti, upakue ya Kiingereza. Fanya hivyo penye Wi-Fi, kwa sababu faili hizo zinaweza kula bando la siku nzima. Kwenye iPhone sauti ziko ndani ya Accessibility, sehemu ya maandishi yanayosomwa, na zile nzuri zaidi lazima uzipakue mwenyewe. Hazimo kwenye simu unapoinunua.

Sababu ya tatu ni programu kujibunia lugha. "Pole", "wake", "mate" na "kale" ni maneno halali kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Ukiandika moja peke yake huku programu ikiwa imewekwa itambue lugha yenyewe, inakwenda na bahati. Chagua Kiingereza kwa mkono, au liweke neno ndani ya sentensi: "Wake me up at six."

Ukimaliza haya yote na tatizo limebaki, sasisha kisomaji kutoka duka rasmi la programu, zima simu, iwashe. Simu ikiwa kongwe kiasi cha kukataa sasisho, tumia kisomaji cha kwenye kompyuta. Usiende kutafuta faili la kisomaji kwenye kundi la WhatsApp. Sababu iko mwishoni mwa mwongozo huu.

"Haitoi sauti, au inameza mwanzo wa neno"

Hili halichukui muda. Angalia sauti ya midia, kwa kuwa ile ya mlio wa simu ni kitu kingine. Angalia kama simu imeunganishwa na spika ya Bluetooth ya chumba cha pili. Kama bando limekwisha, sauti inayosomwa kutoka mtandaoni itanyamaza au itabadilika ghafla kuwa ile duni iliyomo ndani ya simu.

Kumezwa kwa silabi ya kwanza ni kosa la hedifoni zisizo na waya. Baadhi hulala zikikosa sauti, na zikiamka zinakuwa zimeshapitwa na sauti ya mwanzo, ndiyo maana "pray" unaisikia "ray". Andika neno la kupoteza mwanzoni, kama "Okay", weka nukta, kisha neno unalolitaka. Au chomeka waya.

"Ni ya kiroboti, siwezi kuiiga"

Kwanza tazama ni kisomaji gani kinasoma. Vile vidogo vya aina ya eSpeak havikuundwa kwa rekodi za mtu anayesoma. Vinaunda irabu kwa hesabu, ndiyo sababu faili lake ni dogo na linakimbia hata kwenye kompyuta dhaifu. Wasioona wanaotumia NVDA, programu ya kuwasomea kioo cha kompyuta, wanakipenda kwa sababu kinaeleweka hata kikienda kasi sana. Kwa mtu anayetaka kuiga irabu hakifai. Kitumie ujue mkazo uko wapi, basi.

Sauti zilizobadilisha mambo ni zile za mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kusema kutokana na rekodi za watu, zilizojulikana kuanzia 2016 DeepMind, maabara ya Google, walipoitoa WaveNet. Huhitaji kuzinunua. Kivinjari cha Edge kina kitufe cha kusoma ukurasa kwa sauti, na orodha yake ya sauti ni ndefu: kuna Waingereza, Wamarekani, Wahindi, Wanigeria, na kuna Kiingereza cha kwetu pia, Asilia na Chilemba kwa Kenya, Imani na Elimu kwa Tanzania. Zinahitaji intaneti.

Uchague ipi? Kama kazi yako ni kueleweka Nairobi, Kampala na Arusha, sauti ya Kiafrika Mashariki ni kiigizo halali, na anayekucheka ana matatizo yake. Ila kabla hujaikubali ipe mtihani mmoja: iandikie "hat, hut, heart, hurt" usikie kama inatoa maneno manne. Ikitoa mawili au moja, itumie kwa mkazo na mwendo wa sentensi, na kwa mazoezi ya irabu utafute nyingine. Ukishachagua, kaa nayo. Anayeruka kutoka London hadi Texas kila wiki huishia na "can't" mbili mdomoni na hajui atoe ipi.

"Jana ilitamka hivi, leo inatamka vile"

Hapa mashine mara nyingi haina kosa. Kiingereza kina maneno yanayoandikwa sawa na kutamkwa tofauti. "Read" ya leo ina irabu ndefu kama i ya Kiswahili ikivutwa. "Read" ya jana inatamkwa kama rangi nyekundu, "red". "Live" ya kuishi na "live" ya matangazo ya moja kwa moja ni mbili. "Record" ukiwa nayo kama kitu, mkazo uko mwanzoni. Ukiwa unarekodi, unahamia mwisho. Hali ni hiyo kwa "present", "object" na "content". Kisomaji hubashiri kwa kutazama maneno ya jirani, kwa hiyo neno pekee bila sentensi ni kukitega.

Dawa ni kuandika sentensi kamili yenye maana moja. "I will record the meeting." "She broke the record." Ukisikia tofauti, umepata somo mbili kwa mpigo.

Sababu ya pili ni kubadilika kwa nchi. "Schedule" ya Uingereza inaanza kwa sh, ya Marekani inaanza kwa sk. Ukiona mabadiliko ya namna hii, kuna mahali lugha ya kisomaji imegeuka bila wewe kujua, hasa baada ya sasisho.

Sababu ya tatu: kisomaji kimekosea kweli. Hukosea vifupisho, tarehe, alama za fedha na majina ya watu. "Dr" inaweza kuwa daktari au barabara. 3/4 inaweza kuwa robo tatu, tarehe tatu Aprili, au Machi nne. Andika kwa maneno. Na kikilivuruga jina lako la Mwanaisha au Ng'wandu, usilifuate. Jina lako unalijua wewe.

"Maneno mawili yananisikikia kama moja"

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalorukwa. Mtu anakazana kutamka tofauti ambayo sikio lake halijaipokea. Anachorudia ni alichosikia, na alichosikia ni Kiswahili.

Sababu ya kwanza ni hesabu ya irabu. Sisi tuna tano. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa kwenye vitabu kina sauti za irabu takriban ishirini, ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka moja hadi nyingine. Sikio lililokua na visanduku vitano linatupa kila linachosikia katika kimojawapo. Hivyo "hat", "hut", "heart" na "hurt" zote zinaangukia kwenye a, na mtu anayetaka kusema moyo wake umeumia anasema kofia ya kibanda. "Ship" na "sheep" zinaangukia kwenye i. "Full" na "fool" kwenye u. "Walk" na "work" humchanganya hata mwenye shahada.

Zoezi lake ni la kusikiliza tu, mdomo umefungwa.

Andika jozi moja, tuseme "hat" na "hut", mara kumi kwa mpangilio wa ovyo, kila neno kwenye mstari wake na nukta mwishoni. Mwombe mdogo wako au jirani aupange huo mpangilio, usiuone. Kisomaji kisome kwa kasi ya kawaida. Wewe uwe na karatasi, uandike 1 au 2 kwa kila unachosikia, kisha mlinganishe. Ukipata tano kati ya kumi, umebahatisha, na huo si ubishi wa kuleta. Ukifikia tisa kwa siku kadhaa mfululizo, sikio limefunguka kwa jozi hiyo na sasa unaruhusiwa kuitamka. Halafu badilisha sauti, uweke ya kiume kama ilikuwa ya kike, kwa sababu wengine hukariri sauti moja badala ya kukariri irabu.

Ukikwama kwenye tano au sita, usiongeze muda. Tafuta jozi iliyo rahisi zaidi. "Heart" na "hat" hutofautiana pia kwa urefu, kwa hiyo sikio lina kamba mbili za kushika. Anza hapo, urudi kwa "hat" na "hut" baadaye. "Hurt" iache mwisho: mdomo hautanuki wala haubinuki, ulimi umekaa katikati bila kugusa kitu, na sauti hiyo Kiswahili hakina kabisa.

Sababu ya pili ni hedifoni, nayo inahusu konsonanti zaidi. "Sing" na "thing", "first" na "thirst", "free" na "three" hutofautiana kwa mvumo wa juu kabisa. Hedifoni ya Bluetooth ikitumika kusikilizia tu huwa nzuri. Lakini programu ikiwasha kipaza sauti cha hedifoni hiyohiyo ili ikurekodi, nyingi hurudi kwenye hali ya simu ya kupiga, na mvumo wa juu unakatwa. Simu za sauti za mtindo wa zamani hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400, na sehemu kubwa ya "s" iko juu ya hapo. Unaambiwa utofautishe kitu ambacho hakijafika sikioni. Jaribu hivi: sikiliza "thing" kwa hedifoni ya waya, halafu kwa Bluetooth huku kinasa sauti kimewashwa. Ukiona sauti imekuwa kama ya mtu anayepiga simu, umekipata kisa.

Sababu ya tatu ni nadra ila ni nzito: masikio yenyewe. Simama hapa, usiendelee na mazoezi, ikiwa hata Kiswahili unaomba watu warudie, kama sikio moja linasikia vizuri kuliko lingine, kama kuna mlio usiokoma, au kama usikivu umepungua ghafla. Huyo ni mgonjwa wa kliniki ya masikio, pua na koo, na usikivu uliopotea ghafla haungoji wiki ijayo. Na usijaribu kulitatua kwa kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kadiri sauti inavyopanda, saa hizo zinapungua haraka.

"Nikipunguza kasi naelewa, ikirudi kawaida napotea"

Kwenye Google Tafsiri ukibonyeza alama ya spika mara ya pili, inasoma polepole. Watu wanaganda hapo. Kinachotokea ni kwamba usomaji wa polepole mara nyingi hutenganisha neno na neno, na hivyo unakuondolea kile hasa kinachokupoteza.

Waingereza hawatenganishi. "An apple" hutoka kama neno moja. Halafu silabi zisizo na mkazo wanazizima. Chukua "banana": Kiswahili kingezipa a zote tatu haki sawa, wao wanaikaza ya katikati na kuziacha za pembeni zikiwa sauti hafifu ya mdomo uliolegea. Sauti hiyo, shwa, ndiyo irabu inayotumika kuliko zote katika Kiingereza na haina herufi yake. Imo mwanzoni mwa "about", mwishoni mwa "teacher", na katika "to", "of" na "can" zikiwa katikati ya sentensi.

"Can" inastahili kutazamwa kwa karibu, maana inaleta hasara. "I can come on Monday": "can" inamezwa, mkazo uko kwenye "come". "I can't come on Monday": neno linatoka zima, lina irabu kamili, na t ya mwisho huenda isisikike kabisa kwa Mmarekani. Anayeitamka "can" kwa nguvu zote, kama tunavyofanya sisi tuliozoea kuipa kila silabi uzito, anasikika amekataa. Andika sentensi hizo mbili kwenye kisomaji, uzisikilize zikifuatana, halafu urudie bila kuangalia maandishi.

Kuhusu kasi, usishuke chini ya asilimia 75 au 80 ya kawaida. Chini ya hapo sauti inavutwa kama mpira na unaiga kasoro ya mashine. Ukihitaji polepole zaidi, punguza urefu wa sentensi badala ya kasi: maneno matatu, kisha matano, kisha yote.

"Natamka kama mashine, ila watu hawanielewi"

Rekodi. Bila rekodi mjadala huu hauna mwisho, kwani kila mtu husikia alichokusudia kusema. Kisomaji kiseme sentensi, nawe useme mara moja baada yake kwenye rekodi hiyohiyo, kisha usikilize zote mbili kwa mfululizo ukiangalia haya kwa utaratibu huu.

Mkazo ni wa kwanza. Kiswahili huukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaubeba hivyohivyo. "Development" tunaikaza "lop", wenyewe wanaikaza "vel". "Character" tunaikaza katikati, wenyewe wanaanza nayo juu. "Category" vilevile. "Event", "hotel" na "success" zinataka mkazo wa mwisho, sisi tunaurudisha mbele. Msikilizaji mgeni anaweza kukusamehe irabu, lakini mkazo ukihama anatafuta neno jingine kabisa kichwani. Piga meza kidogo kwenye silabi ya mkazo, kisomaji kikiongea na wewe ukiongea; mapigo hayo mawili yasipopatana, hapo ndipo penye kosa.

Pili, irabu tunazozichomeka. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, kwa hiyo "school" inapata u katikati na "bag" inapata i mwishoni. Kwenye rekodi sikiliza mwisho wa maneno tu. Wakati huohuo tazama "bag" na "back": tofauti kubwa iko kwenye a, ambayo ni ndefu kabla ya g na fupi kabla ya k. "Seed" na "seat" ni hivyohivyo.

Tatu, viambishi vya mwisho. "Worked" inaishia kwa t na ni silabi moja. "Played" inaishia kwa d. "Wanted" pekee ndiyo inayoongeza silabi. Ukisema "worki-di" bosi ataelewa. Ukiiacha kabisa hajui kama ulifanya au unafanya.

Nne, lugha ya nyumbani, na hapa kila mtu ana yake. Anayechanganya r na l katika Kiswahili atazichanganya katika "rice" na "lice". Mjaluo aliyekulia kwenye s atasema "fis" badala ya "fish". Wengine huweka m au n kabla ya b na d. Kwa upande mwingine tuna mtaji tunaousahau. Mwenye "thelathini" na "dhahabu" safi hana haja ya kufundishwa "think" na "this". Sauti ni hizohizo. "Singer" ina ng' ya ng'ombe, na "finger" ina ng ya ngoma. Wageni wengi wanaojifunza Kiingereza wangelipia kupata mfano rahisi namna hiyo.

Pa kusimama: ikiwa sauti fulani inakushinda katika Kiswahili pia, tangu utoto, kama kithembe cha s, au kama una kigugumizi kinachozidi ukiona kipaza sauti, kisomaji hakitakitibu na kinaweza kukukatisha tamaa. Tafuta mtaalamu wa tiba ya usemi. Hospitali kubwa za rufaa ndipo pa kuanzia kuulizia.

"Simu inaandika ninachosema bila kosa, kwa hiyo nimefaulu?"

Bado. Imla ya simu, yaani kuongea simu ikaandika, hubashiri kwa muktadha. Ukisema "I want to buy a new sheet of paper" kwa irabu ya matusi, itaandika "sheet" kwa sababu ya hiyo karatasi. Mteja wako hana huruma hiyo. Sema maneno ya jozi peke yake, moja moja, bila sentensi, uone inaandika nini.

Na ikikataa kila kitu? Tazama lugha ya kibodi kwanza. Google ina Kiingereza cha Kenya na cha Tanzania kwenye orodha ya kuandika kwa sauti. Kukichagua kunapunguza makosa yasiyo yako. Halafu tazama kelele: feni, redio ya jirani, barabara. Ndipo ujitazame wewe. Chumba kikiwa kimya, lugha ikiwa sahihi, na neno likikataliwa mara zote huku dada yako akilisema mara moja likakubalika, hapo sasa ni matamshi.

"Sasa naongea kama roboti"

Umesikiliza kisomaji peke yake kwa muda mrefu mno. Kinasoma maandishi, hakimuulizi mtu, hakishangai, hakimkatizi mwenzake. Hata sauti bora hushusha kiimbo mwisho wa kila sentensi kwa namna ileile. Kitumie kwa irabu, mkazo na maunganiko, kisha kiimbo ukachukue kwa watu wanaozungumza: mahojiano ya redio, mijadala, simu za wasikilizaji. Kwenye kisomaji chenyewe unaweza kusaidia kidogo kwa kuweka mkato panapohitaji pumzi na alama ya kuuliza pale inapostahili. Maandishi yasiyo na alama yanatoka kama orodha ya vifaa vya dukani.

"Koo limekauka, sauti imekwaruza"

Punguza. Vipindi vya dakika kumi na tano vinatosha, na mazoezi ya kusikiliza yawe mengi kuliko ya kutamka. Usinong'one ukidhani unapumzisha koo. Kunong'ona kwa nguvu kunalichosha pia. Kunywa maji. Mkwaruzo ukipita wiki tatu, au ukija na maumivu ya kumeza, damu, uvimbe shingoni au shida ya kupumua, acha mazoezi umwone daktari. Kwenye shida ya kupumua usihesabu wiki, nenda siku hiyohiyo.

"Programu inaomba ruhusa ya ajabu"

Acha hapohapo. Kisomaji kilichopakuliwa nje ya duka rasmi, hasa kinachotangazwa kuwa ni toleo la kulipia lililofunguliwa bure, kikiomba ruhusa ya Ufikivu kinaomba kuona kila kilicho kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Humo mna ujumbe wa benki na namba za siri. Kisomaji cha kawaida cha kujifunzia hakihitaji kusoma SMS wala orodha ya majina yako. Kama ulishaikubali, zima intaneti, ondoa ruhusa, futa programu, kisha badilisha namba zako za siri ukitumia simu nyingine na uitaarifu benki. Fedha zikiwa zimeshaondoka, piga huduma kwa wateja kabla hujafanya lingine lolote.

Tahadhari hiyohiyo iende kwa tovuti zinazokuomba upakie sauti yako ili "zikusomee kwa sauti yako mwenyewe". Sauti yako ikishatoka mikononi mwako hujui itampigia nani simu. Na usibandike mkataba wa kazi au maswali ya mtihani wa shule kwenye kisomaji cha bure cha mtandaoni.

"Mtihani ni mwezi ujao na sioni mabadiliko"

Kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, mahojiano ya kuongea ni ya dakika 11 hadi 14, na matamshi ni robo ya alama za sehemu hiyo; robo tatu zilizobaki ni ufasaha, msamiati na sarufi, kila kimoja robo yake. Hawatafuti Mwingereza, wanatafuta anayeeleweka bila kuwachosha. Kwa mwezi mmoja achana na irabu zinazokusumbua zaidi, shughulika na mkazo wa maneno na miisho, kwani hayo hubadilika haraka.

Kisha mlipe mwalimu wa kibinadamu kwa vipindi vichache. Kisomaji kinasema vizuri lakini hakikusikii, na programu zinazokupa alama za matamshi haziwezi kukuambia ni kosa gani kati ya kumi ndilo linalomfanya mtahini akunje uso. Usiende kwake mikono mitupu. Mpelekee rekodi yako ya dakika mbili ukieleza kazi yako bila kusoma, pamoja na orodha ya jozi ulizoshindwa kwa sikio, umwombe akuchagulie makosa mawili tu ya kuanza nayo.